Ndege Asiyelipwa Mshahara: Korongo, Konokono na Faida ya Mpunga

Na Mwandishi Wetu, Segerea

MTEJA anayesimama mbele ya duka la nafaka hapa Segerea huuliza mambo matatu tu: mchele huu ni wa wapi, unanukia, na kilo ni shilingi ngapi. Muuzaji naye humjibu kwa kibao kilichochomekwa juu ya rundo: Kyela, Kamsamba, Ifakara, Magugu, Shinyanga. Hakuna mteja anayeuliza habari za ndege, wala muuzaji hajawahi kuulizwa.

Hata hivyo, ukurasa huu wiki hii unaacha kidogo bei za Tandale na Buguruni ili kumzungumzia ndege. Sababu ni ya kibiashara. Wakazi wengi wa maeneo haya, kuanzia Segerea na Kinyerezi hadi Tabata, si wanunuzi wa mchele tu. Wapo waliokodi ekari mbili tatu Kilombero, na wapo wanaopeleka fedha Mbarali au Kyela kununua mpunga ungali shambani ili waupate kwa bei nafuu siku ya mavuno. Fedha hizo nyingi ni za mkopo wa kikundi, kiinua mgongo, au mtaji wa duka. Mwenye fedha anaishi Dar es Salaam, mali yake imesimama kwenye maji mamia ya kilomita kutoka hapa.

Kwa mtu wa namna hiyo, yaliyotokea Mwea nchini Kenya ni somo la kusoma mapema.

Yaliyowapata majirani

Mwea, katika Kaunti ya Kirinyaga, ndiko unakotoka mchele mwingi unaolimwa Kenya, ukiwemo ule wenye harufu unaoitwa pishori. Ni skimu ya umwagiliaji iliyoanzishwa tangu enzi za ukoloni, miaka ya 1950, na inapata maji yake kutoka mito ya Thiba na Nyamindi.

Mwaka 2020 wakulima wa huko walianza kuona kitu kigeni kwenye majaruba: vichane vya mayai yenye rangi kali ya waridi, vimegandamana kwenye mashina ya mpunga na kwenye kuta za mifereji. Wataalamu walipochunguza walithibitisha kuwa ni mayai ya konokono wa majini kutoka Amerika ya Kusini, ambaye kisayansi huitwa Pomacea canaliculata. Kwa kuwa umbo lake ni la mviringo kama tufaha, katika makala haya tutamwita konokono tufaha. Taarifa ya kisayansi ya kuwepo kwake Kenya ilichapishwa mwaka 2021. Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, lilikwisha kumweka katika orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya kuliko vyote duniani.

Konokono huyu hasubiri mpunga uzae. Anakula miche michanga, akiikata chini kabisa ya maji, hasa katika wiki mbili tatu za kwanza baada ya kupandikizwa. Mkulima hulala jioni jaruba likiwa la kijani, asubuhi anakuta maji matupu na vipande vya majani vinavyoelea. Jike moja hutaga mayai kwa mamia katika kichane kimoja, na huanguliwa katika muda wa wiki moja hadi mbili. Maji yakikauka, konokono hujizika kwenye tope, hufunga mlango wa gamba lake na kungoja miezi kadhaa hadi maji yarudi.

Hesabu ya gunia

Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti uliopima hasara ya wakulima wa Mwea. Matokeo yake yanafaa kubandikwa ukutani kwa kila anayewekeza kwenye mpunga. Wakulima ambao zaidi ya asilimia 20 ya eneo lao lilivamiwa walipungukiwa na mavuno kwa kiasi cha asilimia 14. Lakini mapato yao halisi, yaani kinachobaki baada ya kutoa gharama, yalipungua kwa kiasi cha asilimia 60.

Msomaji anaweza kudhani kuna makosa ya uchapaji. Hayapo. Tuchukue mfano wa kwenye karatasi. Ekari moja inatoa gunia 20. Kodi ya shamba, kulima, kupandikiza, mbolea, palizi, kuvuna na usafiri, ukivigeuza vyote kuwa mpunga, vinakula gunia 15. Faida ni gunia tano. Mavuno yakipungua kwa asilimia 14, umepoteza gunia mbili na sehemu nane ya kumi. Zimebaki gunia 17 na ushei. Mwenye shamba hapunguzi kodi yake kwa sababu ya konokono, wala mwenye trekta harudishi fedha. Gunia 15 za gharama ziko palepale. Ukiongeza na vibarua wa kuokota konokono na kurudishia miche, hata kama ujira wao wote ni sawa na robo tu ya gunia, mkononi unabaki na gunia mbili hivi. Ulitegemea tano, umepata mbili. Hiyo ndiyo asilimia 60.

Wahasibu husema hasara ndogo kwenye mauzo ni hasara kubwa kwenye faida pale gharama zisipobadilika. Mkulima huiona kanuni hiyo bila kwenda chuoni. Anayeumia zaidi ni aliyeingia na fedha za kukopa, kwa sababu riba nayo haijui habari za konokono.

Alikuja kama mradi

Wapenzi wa miradi mipya inayotangazwa mitaani wanapaswa kujua konokono huyu alivyoanza safari zake. Alipelekwa Taiwan kutoka Amerika ya Kusini kwenye mwaka 1980 hivi, akiwa mradi wa biashara. Watu waliambiwa wamfuge, atauzwa kama chakula ndani na nje ya nchi, kwani anazaliana upesi na hana gharama ya kumlisha. Katika miaka iliyofuata akapelekwa Japani, Ufilipino, Thailand na Vietnam kwa matumaini yale yale.

Soko halikutokea. Walaji hawakuipenda ladha yake. Wafugaji wakamtupa mitaroni, au akatoroka mwenyewe, na maji ya umwagiliaji yakamsambaza katika mashamba ya mpunga ya Asia. Walionunua konokono wa mbegu walipoteza mtaji wao mara moja, ila wakulima wa mpunga wameendelea kulipa kila msimu kwa zaidi ya miaka 40. Wanaokumbuka homa ya mayai ya kware iliyozikumba Kenya na Tanzania miaka ya 2013 na 2014 wataona kuwa kware alikuwa na nafuu: mradi ulipokufa, ndege yule hakugeuka kuwa mharibifu wa mazao.

Mvunaji mwenye mdomo usiofunga

Katika habari hii yote ngumu, limejitokeza jambo moja la faraja. Katika mashamba ya Mwea wameonekana makundi ya korongo weusi wakitembea taratibu kwenye majaruba, wakiinama na kuinuka, na nyuma yao wakiacha magamba matupu. Ndege huyo ni korongo domowazi wa Afrika. Ukimtazama kwa karibu utaona mdomo wake una mwanya katikati: ncha za juu na chini zinakutana, lakini katikati haufungi. Kinda huanguliwa na mdomo ulionyooka, na mwanya hutokea kadiri anavyokua.

Mdomo huo ndio chombo chake cha kazi. Chakula chake kikuu ni konokono wakubwa wa majini na kome. Humbana konokono, akaingiza ncha ya mdomo wa chini, akaukata msuli unaoshikilia nyama, kisha akaivuta nje. Mara nyingi gamba halivunjiki hata kidogo.

Konokono tufaha ni mgeni, lakini domowazi hakuhitaji mafunzo. Afrika ina konokono wake wakubwa wa majini wa ukoo mmoja na huyo mgeni, na domowazi amewala tangu zamani. Mgeni alipoingia alimkuta mwindaji mwenye zana tayari. Jambo kama hilo liliwahi kutokea Thailand, ambako ndugu yake, domowazi wa Asia, ameongezeka na kuenea baada ya konokono tufaha kujaa mashambani. Siku hizi domowazi huyo wa Asia anaonekana hata katika maeneo ya nchi jirani ambako zamani hakujulikana.

Kwa Tanzania, domowazi si ndege wa kuagizwa. Yupo katika mabonde na maziwa yetu, na hususan pale penye mafuriko na tope, yaani palepale mpunga unapolimwa. Huhama kufuata mvua na maji. Mkulima wa Kilombero au Rufiji amemwona mara nyingi bila kumhesabu.

Mwandishi wa makala haya alifundishwa kuwa mali ni ile inayoandikwa upande mmoja wa daftari, na deni upande wa pili. Domowazi haandikwi popote. Hadai mshahara, hadai posho ya chakula, na akiondoka hakuna hati ya kuonyesha kilichopotea. Ndiyo maana ni rahisi kumpoteza.

Si ndege wote ni kwelea

Kwa mkulima wa mpunga, neno ndege lina maana moja: kwelea kwelea. Watoto na vibarua hushinda juani wakiamia kwa makopo, makombeo na kelele, na wana haki ya kufanya hivyo, kwani kundi la kwelea linaweza kumaliza jaruba kwa siku chache. Lakini kwelea ni ndege mdogo kama shomoro na chakula chake ni punje. Domowazi ni mrefu kuliko meza, na punje haigusi. Kumfukuza domowazi kwa hasira za kwelea ni sawa na kumfukuza mlinzi kwa sababu jana umeibiwa na mpita njia.

Hatari kubwa zaidi ya fimbo ni sumu. Kwelea hupigwa kwa dawa ya fenthioni. Januari 2023, kwa mfano, Kenya iliinyunyizia magharibi mwa nchi baada ya mpunga wa Kisumu kushambuliwa. Dawa hiyo haichagui aina ya ndege. Nazo dawa za kuua konokono zina walakini wake: niklosamidi inaua konokono lakini pia inaua samaki, na samaki wa majarubani ni kitoweo na fedha ya mkulima.

Upo mfano wa kusikitisha zaidi. Katika skimu ya mpunga ya Bunyala, magharibi mwa Kenya, mtafiti Martin Odino alichunguza, kuanzia mwaka 2009 hivi, namna majangili walivyowatega ndege hao hao. Walichukua konokono, wakawapaka dawa ya wadudu ya karbofurani, wakawatandaza kwenye majaruba, na wakafunga domowazi hai mmoja kama chambo ili wenzake washuke. Ndege walianguka mmoja baada ya mwingine, na nyama ikauzwa kwa walaji. Sumu iliyotengenezwa kwa ajili ya wadudu ilipita kwa konokono, ikapita kwa korongo, ikaishia sahanini.

Tazama hesabu yake. Jangili alipata bei ya nyama ya ndege mmoja, mara moja. Mwenye mpunga alipoteza mvunaji wa konokono wa msimu ule na wa misimu mingine iliyokuwa inakuja. Wakati huo konokono tufaha alikuwa bado hajathibitishwa Kenya, kwa hiyo hakuna aliyeona kuna kilichopotea.

Mipaka ya kazi yake

Pamoja na sifa hizo, ukurasa huu hauwashauri wawekezaji kukaa kivulini wakimngoja korongo. Zipo sababu tatu.

Kwanza, domowazi hula konokono wakubwa wenye nyama ya kutosha. Mayai ya waridi hayaokoti. Yana sumu ndani yake, na wanyama wengi huyaepuka. Rangi ile kali ni onyo.

Pili, ndege ana mabawa. Akipata maji mazuri kwingine anaondoka, na haweki mkataba na mtu. Wiki ya kupandikiza, ambayo ndiyo ya hatari, inaweza kufika naye hayupo.

Tatu, konokono huzaliana upesi kuliko korongo. Domowazi hutaga mayai machache kwa msimu na anahitaji miti au matete ya kujengea viota pamoja na wenzake. Bonde likifyekwa lote, hata kama konokono wamejaa, korongo hana pa kulala.

Kwa hiyo kazi ya ndege ni kupunguza, na kazi ya mtu ni kumalizia. Njia zinazofanya kazi Asia zinajulikana na hazihitaji mtaji mkubwa: kuokota konokono na kuponda vichane vya mayai asubuhi na jioni, mikono ikiwa imefunikwa kwa sababu konokono huyu hubeba minyoo inayodhuru binadamu, kuweka wavu kwenye mlango wa maji, kupunguza maji yawe kina cha vidole viwili tu siku za mwanzo, kwani konokono hatembei vizuri pasipo maji, kupandikiza miche iliyokomaa, na kutupa majani ya mpapai au mgomba pembeni ili konokono wakusanyike mahali pamoja na kuokotwa kirahisi.

Nafasi kwa wafuga bata

Hapa ndipo wafugaji wa Segerea, Kinyerezi na Bonyokwa wanapoweza kutega sikio. Korongo haajiriki, lakini bata anaajirika. Katika nchi za Asia bata hupelekwa majarubani kula konokono wadogo na magugu, kwa kiwango cha 200 hadi 400 kwa hekta, yaani kama 80 hadi 160 kwa ekari. Nchini Japani mkulima Takao Furuno alipata sifa kwa kulima mpunga pamoja na bata tangu mwaka 1988, akiuza vyote viwili.

Masharti yapo. Bata wakiingia mapema watakanyaga na kung'oa miche, kwa hiyo husubiri mwezi mmoja hivi baada ya kupandikiza, au huingizwa kabla ya kupanda wakati tope linaandaliwa. Mpunga ukianza kuchanua lazima watolewe, la sivyo watakula mazao yenyewe. Wanahitaji banda, mchungaji, na ulinzi dhidi ya mwizi na kicheche. Na shamba lenye bata halipigwi dawa. Anayeweza kuyatimiza hayo ana bidhaa mbili kwenye shamba moja. Asiyeweza ni heri abaki kwenye mpunga pekee.

Kabla ya kutoa kishika uchumba

Je, haya yanamhusu Mtanzania? Ramani inajibu vizuri. Mito ya Thiba na Nyamindi humwaga maji yake mto Tana, na Tana huishia Bahari ya Hindi ndani ya Kenya. Maji ya Mwea hayaji huku. Kitakachomvusha konokono mpaka ni mkono wa mtu: miche iliyobebwa na tope lake, mashine iliyotoka jarubani bila kuoshwa, konokono aliyechukuliwa kama pambo la tangi la samaki, au mjanja mwingine mwenye mradi mpya wa ufugaji. Mchele uliokobolewa na kukauka hauna hatari hiyo, na biashara ya mchele ya Holili na Namanga haina sababu ya kuogopwa.

Anayekodi shamba au kununua mpunga ungali shambani msimu huu na aongeze maswali manne kwenye yale ya kawaida. Maji yanatoka mfereji gani, na nani yuko juu yako? Miche inatoka kitalu cha wapi? Pawatila au kombaini ilitoka shamba gani kabla ya kuingia hapa, na imeoshwa? Na ndege weusi wakubwa wanashuka hapa au wanafukuzwa? Akiona mayai ya waridi asiyafiche kwa kuogopa shamba kushuka bei. Atoe taarifa kwa ofisa ugani au Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, siku hiyo hiyo. Konokono kumi wanaokotwa kwa ndoo. Wakishaingia kwenye mfereji mkuu, gharama inakuwa ya skimu nzima.

Na anayetembelea shamba lake mara moja tu kwa msimu, siku ya kuvuna, na abadili utaratibu. Nauli ya kwenda kuangalia miche wiki ya pili baada ya kupandikiza ni ndogo kuliko gunia tatu za faida. Akifika na kumkuta domowazi amesimama kwenye tope la jaruba, amwache aendelee na kazi.